Upande wa Kisima

Msimu ule wanunuzi binafsi walipoanza kuwafuata wakulima hadi mashambani na kugombea korosho zingali chini ya miti, watu wa Mnyambe walijenga. Walijenga kwa pupa. Aliyeezeka nyasi akaezeka bati, aliyekuwa na bati akaongeza baraza, na wapo walionunua makochi kabla hawajawa na mlango wa kuyafungia. Mafundi wa uashi walitafutwa kuliko mapadri.

Reginald, mume wa Dominika, hakununua makochi. Alijenga nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba vinne, viwili mbele na viwili nyuma, paa la pande mbili lililokutana juu ya ukuta wa kati. Kisha mbele ya nyumba akachimba kisima cha kukinga mvua, akakisakafia kwa saruji, akafunga gata kwenye ukingo wa paa ili maji yasipotee. Kule juu Newala kisima namna hiyo ni heshima kubwa. Asiye nacho hushuka bondeni na ndoo tupu na kurudi akipanda kilima na ndoo iliyojaa, na hakuna mwanamke wa Mnyambe ambaye shingo yake haikijui kilima hicho. Msimu wa mvua kisima cha Reginald kilijaa, na kiangazi majirani wote walichota humo bila kuulizwa.

Halafu bei ya korosho ikaanguka. Msimu uliofuata ikaanguka tena, na wale wanunuzi waliokuwa wakigombana mashambani hawakuonekana hata kivuli. Reginald alikufa kwa homa katikati ya mambo hayo, akiwa bado anasema bei itarudi. Milango ya Mnyambe ikaanza kuandikwa kwa chokaa, NYUMBA HII INAUZWA, mlango mmoja, mitatu, kisha karibu mtaa mzima. Wazee husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwaka ule hata vizuri vilijitembeza, na havikupata wa kuvitazama.

Dominika naye aliuandika mlango wake. Hakuuandika kwa njaa. Aliuandika kwa sababu ya Julia.

Julia alikuwa mwanawe wa pekee, fundi cherehani, ameolewa na Optatus, fundi baiskeli wa Lisekese, nje kidogo ya mji wa Masasi. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka. Ya pili ilipomtoka, Dominika alikuwa hukohuko Lisekese, ameshuka kumwuguza, lakini alikuwa amelala ng'ambo ya barabara kwa mjane mmoja wa kanisani. Kwao mama mkwe na mkwewe hawalali chini ya paa moja. Hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na neno la mmoja kwa mwenzake hupitia kwa mtu mwingine. Ndiyo heshima, na Dominika alilelewa nayo kama alivyolelewa na sala. Basi uchungu ulipomshika Julia, watu walikimbia kumwita mama yake, wakagonga kwanza mlango usio wa mjane, na alipofika mambo yalikuwa yamekwisha. Aliikuta shuka imeshakunjwa. Tangu siku hiyo alimlaumu kila mtu, barabara, mjane, Optatus, na zaidi ya wote alijilaumu yeye mwenyewe.

Sasa dereva wa lori alileta habari kwamba Julia ana mimba tena, hospitali ya wilaya pale Mkomaindo imemwambia asibebe hata ndoo, na anamtaka mama yake. Optatus alikuwa ametuma neno lake pia, kwa adabu, kupitia kwa mkewe. Mama aje tu, wataweka pazia zito katikati ya chumba.

"Pazia si ukuta," alisema Dominika. "Mwambieni nimeshukuru."

Alichotaka ni kiwanja chake palepale Lisekese, japo kidogo, na kibanda juu yake, karibu kiasi cha kusikia mwanawe akiita. Nyumba ya Mnyambe ingemnunulia hivyo vyote, alisema, na ingekuwa kweli kama angeiuza mapema. Mwalimu mmoja alipotaja bei ya kwanza, Dominika alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga. Miezi michache baadaye angeikubali bei ileile kwa magoti, lakini mwalimu alishanunua kiwanja Masasi na alikuwa ameacha hata kupita njia ile. Huku juu bei ilishuka, kule chini viwanja vikapanda, na kila mwezi Dominika alizidi kuwa mbali na Lisekese bila kuondoka kitini.

Ikaja habari kwamba Jumamosi atafika mfanyabiashara wa Masasi, Walter, anayenunua nyumba.

"Huyo tusimwachie," alisema Kibibi. Kibibi, mama yake Zena, alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, Mwislamu mwenye ulimi mkali na moyo mpana, na yeye na Dominika walikuwa wamezika waume zao mwaka mmoja. "Kisima chako kina nini sasa hivi?"

"Kina matope. Mwezi wa kumi huu, ulitaka kiwe na nini?"

"Basi tukijaze."

Ndivyo walivyofanya, na asiyelijua lile eneo atashangaa. Siku mbili wanawake wa mtaa walishuka bondeni na kupanda, wakamwaga ndoo zao katika kisima cha mtu mwingine, katikati ya kiangazi, wakati nyumbani kwao watoto walioga kikombe. Hawakuwa wajinga. Walijua nyumba isiponunuliwa na mtu wa kukaa, kisima kitakufa, na wao watarudi kilimani. Na walimpenda Dominika. Ijumaa jioni kisima kilikuwa na maji ya kufika kiunoni, na ukichungulia uliona uso wako. Nani ataona maji hivyo, mwezi wa kumi, Newala, asinunue? Mimi nisiyekuwepo ningenunua.

Walter alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye penseli sikioni. Alimwamkia Dominika, "Shikamoo mama," akaitikiwa marahaba. Akapewa maji ya kuoga, ndoo nzima, akaoga. Akaandaliwa ugali wa muhogo na kuku, akala akasifu. Wanawake walikuwa wamejipanga barazani kwa Kibibi wakijifanya wanachambua mboga. Kisha Dominika akafunua mfuniko wa kisima kwa mikono yake miwili, polepole, kama mtu anayefungua sanduku la mahari.

"Karibu uchungulie, mwanangu."

Walter akachungulia. "Maji mengi," alisema. "Hongera, mama." Akainua kichwa akatazama juu. "Mna ngazi?"

Alipanda. Alitembea juu ya paa kwa goti na kiganja, akigonga bati moja moja, akikwaruza kutu kwa ukucha. Aliposhuka alipita mlango kwa mlango akipima fremu. Halafu akataja bei yake, na Dominika akadhani masikio yake yamezeeka.

"Hiyo ni ya nyumba?"

"Ya mabati, mama. Na milango na fremu."

"Na nyumba je?"

"Kuta nitakuachia."

"Na kisima?"

Walter akajikuna shingo. Hakuwa mtu wa kupenda kuumiza. "Kisima hakipandi lori, mama."

Barazani kwa Kibibi mtu mmoja alicheka kwa sauti, halafu akanyamaza ghafla.

"Sikiliza, mama," alisema Walter, akaketi bila kuambiwa. "Mimi sinunui nyumba huku juu. Hakuna anayenunua. Ardhi yenu ni ya ukoo, mgeni hapewi, na mwenyeji anayo tayari. Watu wanashuka, wanataka Masasi, wanataka umeme na barabara. Nyumba hapa ina thamani ya kile kinachoweza kung'olewa na kupakiwa. Ukingoja mwaka mwingine, hata bati litakuwa limetoboka, au limeondoka lenyewe na wezi. Nakwambia kama ningemwambia mama yangu."

"Korosho itarudi bei," alisema Dominika.

"Inaweza kurudi. Lakini Lisekese haitakungoja."

Hilo lilimpata pale alipokuwa anaumia. Aliomba siku za kufikiri, na Walter akasema lori lake litapita tena Jumatano.

Alipoondoka, Kibibi alivuka na hakukaa. Alisimama na mikono kiunoni.

"Utampa?"

"Bei yake haifiki hata kiwanja, Mama Zena. Lakini ni kitu. Nitapanga chumba, nitakuwa karibu."

"Ukiyatoa mabati, kisima hiki kitakinga nini, jua? Sisi tutakunywa nini?"

"Na Julia je? Nikae hapa niwalindie maji, mwanangu apoteze na wa tatu?"

"Sijasema hivyo!"

"Umesema nini basi?"

Kibibi alikasirika zaidi. Alirudi kwake akafunga mlango, yeye ambaye mlango wake haukufungwa tangu mumewe afe. Siku mbili hawakusalimiana. Kila mmoja alisikia mwenzake akikohoa ng'ambo ya ukuta, na kila mmoja alikuwa na haki, na hakuna ugomvi mbaya kama huo.

Jumatatu Dominika aliamka akafagia uwanja. Alifagia mbele, akapita kando ya kisima, akazunguka nyuma, na huko fagio lilikwama kama lilivyokwama kila siku. Nyuma ya nyumba, chini ya ukingo wa paa, palikuwa na mfereji mwembamba ardhini, ulionyooka toka pembe hadi pembe, uliochimbwa na matone ya mvua za miaka yote ile. Aliulaani mfereji huo kila asubuhi kwa sababu ulishika majani. Asubuhi hii hakuulaani. Alisimama akaangalia chini, kisha juu.

Gata lilikuwa mbele tu. Reginald alikuwa amekusudia kufunga na la nyuma msimu unaofuata, na msimu unaofuata hakuwepo. Maji ya paa la nyuma hayakuwahi kuingia kisimani hata tone. Yote yalizama ardhini, mwaka hadi mwaka, na kulisha migomba miwili isiyozaa.

Aliliacha fagio palepale akaenda kugonga kwa Kibibi.

"Mama Zena, toka nje. Kama umenikasirikia utaendelea baadaye."

Kibibi akatoka, uso umekunjwa. Dominika akamvuta mkono hadi nyuma ya nyumba, akamwonyesha mfereji, akamwonyesha paa. Kibibi aliangalia chini, kisha juu.

"Unataka kuacha upande wa kisima."

"Nataka kuacha upande wa kisima. Huu wa nyuma nautoa. Simuuzii mtu, nashuka nao."

"Nusu paa?"

"Nusu. Ukuta wa kati utashika. Vyumba vya mbele vitakuwa vizima, Zena wako na mumewe waingie wakae, waangalie gata lisizibe. Sitaki kodi."

Kibibi alifunika mdomo kwa mkono, mabega yakaanza kumtikisika, na Dominika hakujua kama ni kicheko au kilio hadi alipoona ni vyote viwili. "Heri nusu shari kuliko shari kamili," alisema Kibibi alipoweza kusema. "Lakini Mama Julia, watu watasema umechanganyikiwa. Nyumba yenye upara wa nyuma!"

"Waseme. Nimesemwa sana kwa mambo ya maana ndogo zaidi."

Lilibaki jambo moja, nalo lilikuwa gumu kuliko kupanda juu ya paa. Mabati alikuwa nayo, kiwanja hakuwa nacho. Optatus alikuwa na uwanja nyuma ya nyumba yake, amepanda muhogo, na zaidi ya mara moja alikuwa ametuma neno kwamba mama achague upande wowote ajengewe. Dominika alikuwa akikataa. Kwao ni mume wa binti anayekuja kujenga kwa mama mkwe, si mama mkwe anayekwenda kujengewa kwa mkwewe, na yeye hakutaka kuwa wa kwanza katika ukoo kupindua hilo. Sasa alikaa kwenye kizingiti akapima kiburi chake na shuka ile iliyokunjwa. Kiburi kilikuwa kizito, hatutamsingizia. Lakini shuka ilikuwa nzito zaidi. Akatuma neno Lisekese: uwanja utakuwa wa mkwe, paa litakuwa langu.

Walter alipofika Jumatano alikuta upande wa nyuma umeshaezuliwa na mabati yamepangwa uwanjani. Alizunguka nyumba mara mbili.

"Mama, umeniharibia biashara."

"Sijakuharibia. Fremu na milango ya nyuma ni yako, iwe nauli yangu na mabati yangu hadi Lisekese."

Walter akacheka, akatoa penseli sikioni, akairudisha. Walipakia. Wanawake wa mtaa walitoka wote kumsindikiza, na Kibibi, aliyekuwa ameapa kwamba hatalia, alilia kuliko wote. Lori lilipokata kona Dominika alitazama nyuma mara moja. Kutoka barabarani nyumba ilionekana nzima, mbele paa linang'aa, gata limenyooka. Vyumba vya nyuma, alivyolala na Reginald, vilikuwa wazi kwa jua, na yeye peke yake katika lori ndiye aliyejua maisha yaliyopita humo. Aliumia, na hakuficha maumivu yake.

Lisekese, Optatus alikuwa ameshachimbia nguzo kabla mabati hayajafika, na kuta za udongo akazimaliza wiki zilizofuata. Kibanda cha chumba kimoja na ukumbi mdogo, mlango ukitazama upande mwingine kabisa na mlango wake, kwa heshima. Alipiga misumari mwenyewe. Dominika alikaa chini ya mwembe wa jirani, mgongo ukielekea paa, na Julia akakaa kwenye mkeka katikati, tumbo mbele, akiwa ndiye njia ya maneno.

"Mwambie Mama," ilikuja sauti kutoka juu ya paa, "bati hili lina tundu. Nilitangulize au nilifiche chini ya lingine?"

"Mama, anasema—"

"Nimesikia. Mwambie alifiche."

"Anasema ulifiche."

"Nimesikia," alisema Optatus, na Julia akacheka hadi akashika tumbo, wakamkemea wote wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja kivyake.

Kabla mvua hazijaanza Walter alipita, akasimamisha lori, akakiangalia kile kibanda. Akataja bei. Ilizidi ile aliyotaja Mnyambe kwa mabati yote, milango na fremu. Mabati yalikuwa yaleyale, machache zaidi, na moja lina tundu.

"Ni udongo tu umebadilika, mama," alisema. "Mwakani nitakupa zaidi."

"Mwakani njoo unywe uji," Dominika alimjibu.

Mvua zilipokuja zilikuja kwa hasira. Kutoka Newala dereva alileta habari kwamba kisima kimejaa hadi mfuniko, Zena amehamia vyumba vya mbele, na ukuta mmoja wa nyuma umelala chini. Dominika alishukuru kwa la kwanza, na la mwisho akamwomba dereva asimweleze zaidi.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, mvua ikipiga bati kiasi kwamba hata mawazo yako huyasikii. Dominika alikuwa anachagua mchele. Alikuwa amefanya kila kitu ili awe karibu kiasi cha kusikia, na sasa Julia alikuwa anaita hatua chache tu kutoka pale, anaita kwa nguvu zake zote, na yeye hakusikia lolote ila mabati yake mwenyewe.

Mlango ukagongwa, ukagongwa tena, kisha ukasukumwa. Optatus alisimama kizingitini, amelowa chapachapa, akimtazama usoni.

"Mama! Julia!"

Hapakuwa na mtu wa kupitishia neno. Ungo ulianguka, mchele ukamwagika, na Dominika alipita kando yake akikimbia kabla hajamaliza kusikia jina. Alimkuta Julia sakafuni, ameng'ang'ania mguu wa kitanda. Akapiga magoti, akamshika kichwa. "Nipo, mwanangu. Safari hii nipo." Optatus alikimbilia barabarani akasimamisha pikapu ya mchuuzi wa chumvi, akakataa kuondoka mbele yake hadi dereva alipokubali. Walimpakia Julia juu ya magunia, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama yake, turubai juu yao wote watatu, wakashuka Mkomaindo.

"Mmewahi," alisema muuguzi, akamwingiza Julia ndani. Hilo neno moja Dominika alilishika kwenye benchi saa zote zilizofuata.

Mtoto alizaliwa kabla ya muda wake, msichana, mdogo, mwenye hasira na sauti. Julia alilala usingizi wa uchovu, mzima. Muuguzi akamfunga mtoto kwa kanga, akampa bibi yake amtoe nje mara moja tu aonekane na baba, kisha arudishwe kwenye joto.

Optatus alikuwa kwenye ukumbi wa nje, chini ya ukingo wa paa, maji yakimwagika mgongoni kwake. Alipomwona Dominika aliinamisha macho na kurudi hatua moja, heshima ilikuwa imemrudia. Dominika akatafuta wa kumkabidhi mtoto ampelekee. Akatazama huku na huku. Wauguzi walikuwa na kazi zao, benchi lilikuwa tupu, na sakafu ilikuwa imelowa, haifai kuwekwa mtoto. Alisimama pale akiwa na mjukuu mikononi, mwanamke aliyeinusuru heshima yake kwa kuigawa nyumba vipande viwili.

Akapiga hatua mbele, akanyoosha mikono.

"Pokea mwanao," alimwambia.

Optatus alimpokea, mkono kwa mkono. Dominika alibaki amesimama mbele yake, hakugeuza uso, akalia waziwazi mkwewe akimwona.